Barua ya wazi kwa wasimamizi wa nyumba za mashamba ya watumwa: ratiba yenu ianzie jikoni

Kwa wakurugenzi, wajumbe wa bodi na waandaaji wa matukio katika nyumba za kale za mashamba makubwa, kuanzia Virginia na Carolina zote mbili hadi Georgia, Mississippi na Louisiana.

Salamu kwenu nyote.

Nawaandikia kuhusu wikiendi za historia hai mnazoziandaa, ambapo watu huvaa na kuigiza maisha ya zamani, zile za maisha ya raia, zisizo na vita wala wanajeshi. Wazo lenyewe nalipenda. Kwa miaka mingi, watu wa Kusini ya Marekani wakitaka kuonyesha karne ya 19 wamekuwa wakileta bunduki, mahema na moshi wa baruti, kana kwamba kati ya pigano na pigano hapakuwa na mtu aliyepika, aliyefua, aliyezaa wala aliyezika. Ninyi mmeamua kuonyesha siku ya kawaida. Mmefanya jambo la maana, na ndiyo sababu nawahi kuwaandikia kabla tiketi hazijachapishwa.

Ombi langu ni moja: ratiba ya siku hizo mbili ifuate saa za waliofanya kazi, isifuate saa za waliohudumiwa.

Ratiba za aina hii ninazozifahamu mimi huanza saa nne asubuhi. Geti linafunguliwa, wageni wanapokelewa barazani na mama aliyevaa gauni pana lenye pete za chuma ndani, kisha chai, kisha maonyesho ya kutarizi na kupanga maua, na jioni dansi kwa mwanga wa mishumaa. Vibanda vya watumwa huachwa vitembelewe na mwenye nafasi. Lakini kwenye shamba la namna hiyo, ikifika saa nne siku ilikuwa imeshakwenda mbali. Moto wa jikoni ulikuwa umewashwa kabla ya alfajiri. Maji yameshatekwa, vyungu vya haja vya usiku vimeshamwagwa na kuoshwa, ng'ombe wameshakamuliwa, mtoto wa bwana ameshanyonyeshwa na mwanamke aliyemwacha wa kwake kibandani, na watu wa shambani wako mistarini tangu kiza. Mgeni anayeingia saa nne anaikuta nyumba ambayo kazi yake imeshafichwa. Wenye nyumba walitaka ionekane hivyohivyo tangu walipoijenga. Pale Monticello, nyumba yake huko Virginia, Thomas Jefferson, aliyekuwa rais wa tatu wa Marekani, aliweka njia ya chini kwa chini, lifti ndogo za kupandishia mvinyo, na mlango wa kuzunguka wenye rafu, ili chakula kifike mezani bila wageni kuona mikono iliyokileta. Mkianza saa nne mnaendeleza kazi ya mlango ule.

Mimi naishi Durham, North Carolina. Nje kidogo ya mji huu kuna Stagville, lililokuwa shamba la ukoo wa Bennehan na Cameron. Ilipofika mwaka 1860 ukoo huo ulikuwa na ardhi inayokaribia ekari 30,000 na watumwa wapatao 900. Nyumba za watumwa za Horton Grove bado zimesimama, za mbao, zenye ghorofa, na kwenye matofali ya bomba lake la moshi zimebaki alama za vidole vya watu walioyafinyanga. Nimewahi kuweka kidole changu pale. Sasa fikirini: raia wa Stagville walikuwa nani? Ukoo wa wenye shamba ungeweza kukaa kwenye meza moja ya chakula. Waliobaki ni watu wapatao 900, wenye wajuzi wao wa kuhunzi, kuseremala, kusuka, kukunga, kuhubiri, wenye ndoa zao ambazo sheria haikuzitambua na makaburi yao. Na Stagville si peke yake. Kwa sensa ya 1860, zaidi ya nusu ya wakazi wa majimbo ya South Carolina na Mississippi walikuwa watumwa. Haiwezekani kusema mnaonyesha maisha ya raia kisha walio wengi wapewe nusu saa baada ya chakula cha mchana.

Tarehe nayo ina uzito wake. Wengi wenu hupenda Desemba, kwa sababu ya Krismasi na mishumaa. Kwa upande wa Louisiana, kando ya mto Mississippi, Desemba ilikuwa kilele cha kusaga miwa. Msimu ulianza Oktoba, mashine na masufuria ya kuchemshia sukari hayakuzimwa usiku wala mchana, watu wakafanya kazi kwa zamu hadi mwili ukagoma, na mara nyingi sikukuu yenyewe iliahirishwa mpaka muwa wa mwisho usagwe. Basi anayewasha mishumaa Desemba katika nyumba ya sukari na awaambie wageni kwamba taa zilizowaka usiku kule kiwandani zilikuwa za nani. Upande wa Virginia na North Carolina jambo lilikuwa jingine: tarehe 1 Januari ilikuwa siku ya kukodisha watumwa kwa mwaka mzima, na wengine kuuzwa. Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani Edenton, North Carolina, ameeleza usiku wa kuamkia siku hiyo, mama amekaa chini kibandani akiwatazama watoto wake, hajui asubuhi atabaki na nani. Siwakatazi Desemba. Ila Krismasi ya nyumba kubwa ionyeshwe pamoja na wiki iliyofuata, maana kwa watu wale zote mbili zilikuwa sikukuu moja.

Na mkichagua mwezi mwingine, ulizeni kwanza shamba lenu lilikuwa likifanya nini mwezi huo. Kama ni Machi kwenye mashamba ya mpunga ya pwani ya South Carolina, watu walikuwa wakipanda, miguu ndani ya tope. Kama ni Septemba penye pamba, walikuwa wakichuma, na jioni kila kikapu kinapimwa mbele ya nyapara. Kazi ya mwezi ndiyo itakayowapa ratiba. Hamtahitaji kutunga.

Nikija jikoni nitawaomba mnivumilie, kwa sababu hapo ndipo nina mengi.

Jiko la nyumba hizi kwa kawaida lilijengwa mbali kidogo na nyumba kubwa, kwa kuogopa moto na joto. Katika matembezi mengi jiko ni kituo cha mwisho, watu wamechoka, mtoa maelezo anaonyesha sufuria la chuma na kusema hapa ndipo chakula kilipopikwa. Kilipikwa na nani? James Hemings alipelekwa Paris na Jefferson mwaka 1784, akafundishwa upishi wa Kifaransa, akawa mpishi mkuu katika nyumba ya balozi. Alipoomba uhuru wake, sharti alilopewa lilikuwa kwanza amfundishe mwingine, naye akamfundisha ndugu yake Peter. Akaachiwa mwaka 1796. Peter akabaki jikoni. Mna kisa kama hicho mikononi, halafu mnawaonyesha watu vijiko vya fedha?

Mimi ni mzaliwa wa Pemba. Nilipokiona kwa mara ya kwanza kinu cha kutwangia mpunga cha Carolina, na pembeni yake ungo mpana wa majani uliosukwa kwa mviringo, sikuhitaji kusoma kibao cha maelezo. Kutwanga, kupepeta, kutenganisha chuya na mchele bila kuvunja punje, ni ujuzi wa mikono ya kike ulioletwa kutoka Afrika, na Charleston, mji wa bandari wa South Carolina, ilitajirika juu yake. Kwenye mashamba yale watu walitwanga kabla ya kwenda shambani na wakatwanga tena wakirudi. Bamia, kunde na ufuta vilivuka bahari na watu haohao, na leo vyakula hivyo vinaitwa vya Kusini. Kwa hiyo nawaomba: jikoni kuwe na moto tangu alfajiri, kinu kifanye kazi, wapishi wenye asili ya watu wale waongoze, wakiwa wanalipwa, nao ndio waamue kinachopikwa na kinachosemwa. Michael Twitty, mwanahistoria wa mapishi, amekuwa akipika namna hiyo kwenye mashamba haya kwa miaka mingi, akiwa amevaa nguo za zama zile na kueleza kila kiungo kimetoka wapi, kwa hiyo hamtakuwa wa kwanza. Kando ya chakula cha nyumba kubwa wekeni na posho ya mtumwa. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, aliandika mwaka 1845 kwamba shambani kwao Maryland mtu mzima alipewa kwa mwezi ratili nane za nyama ya nguruwe, au samaki wa kadiri hiyo, na busheli moja, yaani kama lita 35, ya unga wa mahindi. Upimeni unga ule mbele ya watu. Unapoumwaga mezani na kumwambia mgeni agawe mwenyewe kwa siku 30, anaelewa.

Mavazi ndiyo mnayoyashughulikia zaidi, najua, na kwenye wikiendi za raia hapo ndipo pesa na mapenzi ya washiriki vinapokwenda. Wanajua mshono upi ni wa 1855 na upi wa 1862, wanagombana juu ya vifungo. Usahihi huo nauheshimu. Naomba tu uvuke ua ufike vibandani. Douglass anasema mtu mzima alipewa kwa mwaka mashati mawili ya kitani kigumu, suruali ya kitani, koti na suruali ya baridi, soksi na viatu jozi moja moja. Mtoto asiyefanya kazi shambani alipata mashati mawili basi, yakichakaa anakaa uchi hadi mwaka ujao. Kitambaa kigumu cha nguo za watumwa hakikufumwa Kusini tu. Viwanda vya Rhode Island vilikifuma kwa wingi mahususi kwa ajili ya watumwa, na viatu vyao vingi vilitoka Massachusetts. Meza moja yenye kitambaa hicho, mgeni akiruhusiwa kukishika na kukisugua mkononi, inaeleza uchumi wa nchi nzima.

Na kitambaa ndicho kinachonifanya mimi, mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, nione hili linanihusu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa Unguja tangu zama za Sayyid Said. Mkataba wa biashara ulitiwa saini mwaka 1833, na ubalozi mdogo wa Marekani ukafunguliwa mwaka 1837. Walichukua pembe za ndovu na sandarusi, wakaleta merikani. Bibi zetu walivaa merikani, na misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji iliibeba kama pesa ya njiani. Ilifumwa New England, lakini pamba yake ililimwa kwenye mashamba kama yenu, na mikono ya watu ninaowaombea nafasi hapa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 na pamba ikakatika, bei ilipanda Unguja, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Sijawahi kuona jambo hili likielezwa katika nyumba yoyote niliyoitembelea. Majimbo yenu sasa yana familia nyingi za Kiswahili, wakimbizi kutoka Kongo, Wakenya, Watanzania, na watoto wao huletwa kwenu na mabasi ya shule. Mtoto ambaye nyanya yake alizaliwa Uvira au Mombasa ana haki ya kuambiwa kwamba pamba ya shamba hili iliwahi kufika kwao.

Kwetu pia yalikuwepo. Unguja na Pemba tulikuwa na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa kutoka bara, na mabwana wao walizungumza lugha hii ninayoandikia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kisheria visiwani hadi 1897. Nyumba ya Tippu Tip bado iko Shangani, watu hupita mlangoni kila siku. Nasi tuna deni la kueleza vizuri zaidi ya tunavyoeleza. Nalisema ili mjue kwamba siwaandikii nikiwa nimesimama mahali pa juu.

Sasa, nani aigize nani? Hapa naomba muwe waangalifu kuliko mahali pengine pote. Msigawe nafasi kwa kutazama ngozi, mzungu kaja kujitolea anapewa gauni, mweusi kaja kujitolea anapewa jembe, bila hata kumuuliza. Wapo wenye asili ya Kiafrika ambao wamechagua kazi hiyo, wameisomea, na wanaifanya kwa heshima kubwa. Hao watafuteni na muwalipe. Msiwaombe wajukuu wa watu waliofanya kazi bure waje kufanya kazi bure mahali palepale. Wawekeeni pia mtu wa kusimama nao, kwa sababu maswali wanayoulizwa na baadhi ya wageni ni ya kuumiza, na mtu akiulizwa mara kumi kwa siku kama mabwana hawakuwa wema, anahitaji pa kupumzikia.

Mnada msiuigize. Oktoba 1994 Colonial Williamsburg, makumbusho ya historia hai huko Virginia, waliigiza mnada wa watumwa, na NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, ilikuja kupinga. Walioliongoza jambo lile walikuwa idara ya wataalamu wenye asili ya Kiafrika, chini ya Christy Coleman, waliokuwa wameshafanya kazi hiyo kwa miaka, na hata mmoja wa waliokuja kupinga alibadili msimamo baada ya kuona. Pamoja na utaalamu wote huo watu walilia, wengine walikasirika, na mjadala wake haujaisha hadi leo. Wikiendi ya watu wa kujitolea waliokutana Ijumaa jioni haina uwezo wa kubeba kitu kama hicho. Someni hati ya mauzo kwa sauti, majina na bei kama zilivyoandikwa. Inatosha. Na mtoto wa shule asikabidhiwe mfuko achume pamba kama mchezo.

Wajukuu wa waliotumikishwa wanatakiwa wawe mezani siku ya kwanza ya mipango, wakiwa na kura. Kuwaalika Jumamosi waje kukata utepe ni kuchelewa. Hili lina mifano yake. Somerset Place, hukuhuku North Carolina, Dorothy Spruill Redford alifuatilia koo za watumwa wa shamba lile kwa miaka, na Agosti 1986 akawakusanya maelfu ya watu pale walipotoka wazee wao. Baadaye yeye mwenyewe akawa msimamizi wa mahali hapo. Monticello wamekuwa wakikusanya masimulizi ya koo hizo tangu 1993. Montpelier, nyumba ya Rais James Madison, bodi ilikubali mwaka 2021 kugawana madaraka na kamati ya vizazi vya waliotumikishwa pale, mwaka uliofuata ikasita, ukazuka mvutano wa hadharani, na mwishowe Mei 2022 wajumbe waliopendekezwa na kamati hiyo wakaingia kwenye bodi. Nyumba haikuanguka. Mkitaka kuanza kwa hatua moja tu, fungueni hati za mirathi. Sensa ya 1860 haikuandika majina ya watumwa, iliandika umri, jinsia na rangi. Lakini orodha za mali za marehemu ziliwataja, jina kwa jina, katikati ya farasi na vitanda. Majina hayo mnayo kabatini.

Usiku nao msiuache mtupu. Joseph McGill amekuwa akilala katika vibanda vya watumwa tangu mwaka 2010, alianzia shamba la Magnolia karibu na Charleston, na watu hulala pamoja naye baada ya mazungumzo marefu kuzunguka moto. Badala ya dansi, au hata baada ya dansi kama hamwezi kuiacha, wekeni usiku wa namna hiyo. Anayelala juu ya mbao akiwa na blanketi moja hatauliza tena asubuhi kama mabwana walikuwa wema.

Kuhusu harusi nitasema kidogo. Mwaka 2019 kampuni kubwa za mitandao, Pinterest mojawapo na nyingine za harusi, zilitangaza kwamba zitaacha au zitapunguza kuzitangaza nyumba hizi kama pahali pa kuolea. Mei 2025 Nottoway ya Louisiana iliteketea, nyumba iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa harusi na hoteli, na wapo waliolia na wapo waliofurahi. Mimi sikufurahi. Waliojenga kuta zile ni watumwa, na kazi yao iliungua pia. Lakini naelewa kwa nini mtu ambaye hakuwahi kuambiwa lolote pale zaidi ya bei ya ukumbi hakuona cha kusikitikia.

Iko nyumba moja, sitaitaja, ambako nilitembezwa na kijana mwenye adabu sana. Alitueleza kwa kina taa ya vioo iliyoletwa kutoka Ulaya. Nilipomuuliza nani aliifuta, alisema "wahudumu", akaendelea na chumba kingine. Simlaumu, alifundishwa hivyo, na waliomfundisha ndio aina ya watu ninaowaandikia leo. Mkibadilisha karatasi anayopewa kijana yule siku ya kwanza ya kazi, mtakuwa mmefanya zaidi ya wikiendi kumi.

Tafsiri ya Kiingereza ya barua hii nitaituma kwa kila ofisi ninayoweza kuifikia. Nimeiandika kwanza kwa Kiswahili ili wenzangu wanaoishi jirani na nyumba hizi waisome, waende kuuliza wenyewe getini. Nitashukuru kupata majibu, hata ya kunikatalia. Na kama kuna nyumba kati yenu itakayokubali kufungua geti saa kumi na moja alfajiri, naomba mnihesabu miongoni mwa watakaokuja kuwasha moto. Kutwanga naweza, na ungo wangu nitakuja nao.

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Durham, North Carolina, mzaliwa wa Pemba